Shajara ya mradi: kupunguza uzito chini ya daktari, kwa kupima sufuria ya nyumbani

Mradi ni wa wiki 24 katika kliniki ndogo ya wagonjwa wa nje, Tanga mjini. Wahusika ni daktari mmoja, afisa lishe mmoja na wauguzi wawili. Tunaandika ili kliniki nyingine za ukubwa huu zinakili yaliyofaa na ziepuke yaliyotugharimu. Bei ni shilingi za Tanzania, kama tulivyolipa.

13 Januari 2025: kuandikisha na kupima

Tumeandikisha watu 12, wote wana BMI (kilo za uzito ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo) ya 30 au zaidi. Saba wana kisukari cha aina ya pili, na wanne kati yao wanameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Hatukupokea wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, wenye figo zilizodhoofika sana, wala waliowahi kujinyima chakula au kujitapisha. Aliyepungua uzito bila kukusudia miezi ya karibuni tulimrudisha kwa daktari, maana huyo hutafutiwa ugonjwa kwanza: kifua kikuu, tezi ya shingo, sukari isiyodhibitiwa.

Vipimo vya kuanzia: uzito, urefu, kiuno, presha, sukari kabla ya kula, sukari ya miezi 3 (HbA1c) kwa wenye kisukari, kreatinini (kipimo cha figo), mafuta ya damu na ini.

Makosa mawili yalijitokeza siku hiyohiyo. La kwanza ni mkanda wa presha. Wanawake watano walisomeka kuwa na presha ya juu, na wawili nusura waandikiwe dawa. Muuguzi alipopima mikono yao kwa tepu, yote ilizidi sentimita 35, ilhali mkanda wetu ni wa mikono isiyozidi 34 hivi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi. Tulinunua mkanda mkubwa kwa 35,000, na watatu kati ya watano wakashuka chini ya 140/90. Anayefanya kazi na watu wanene anunue mkanda huo kabla ya mizani.

La pili ni HbA1c. Mshiriki mmoja alisomeka asilimia 5.6, namba nzuri sana, huku sukari yake kabla ya kula ikiwa 8 hadi 9 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu) kila asubuhi. Ana selimundu. Mahali ambapo selimundu, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) na upungufu wa damu si mambo ya nadra, kipimo hicho kinaweza kudanganya, kwa sababu kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa kawaida. Huyo tunamfuata kwa kipimo cha sukari cha kutoboa kidole tu.

Tuliandika pia kila dawa inayoweza kuongeza uzito: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, prednisoloni, amitriptilini, insulini, glibenklamaidi yenyewe, na dolutegravir kwa wanaotumia ARV. Lengo la orodha ni daktari aone kama ipo ya kubadilisha. Dawa za ARV haziguswi, na hakuna dawa inayosimamishwa na afisa lishe.

24 Januari: mizani

Tulianza na mizani ya sindano ya 40,000. Mtu mmoja alisoma kilo 91, 93.5 na 92 ndani ya dakika tano. Sakafu ya kliniki ina mteremko kuelekea mfereji, na mizani ya springi haipendi mteremko. Tumeitupa. Tumenunua ya kidijitali kwa 85,000 na kuiweka juu ya ubao uliosawazishwa kwa timazi.

Kuikagua ni rahisi. Pima ndoo tupu yenye mfuniko, ijaze lita 20 za maji ukitumia chombo cha lita 1, pima tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Tunafanya hivyo kila Jumatatu. Watu hupimwa asubuhi, wametoka haja, bila viatu, bila buibui wala koti. Buibui, mtandio na mkufu vikipimwa pamoja vinaweza kufika kilo moja, na kilo moja ni kazi ya karibu wiki mbili.

3 Februari: ratiba ya kwanza ilikufa, ya pili ikaanzia jikoni

Mwezi uliopita tulichapisha vijitabu 12 vya ratiba ya mlo kwa 45,000. Uji wa shayiri asubuhi, kuku wa kuchoma mchana bila ngozi, saladi usiku. Tulipowapigia baada ya siku sita, hakuna aliyefuata hata siku tatu. Sababu zilikuwa wazi: anayepika si yeye, sufuria ni moja kwa watu sita, na kuku ni wa sikukuu. Vijitabu vimetupwa.

Badala yake afisa lishe anakwenda nyumbani na mizani ya jikoni (22,000 moja, tumenunua nne), anakaa jikoni wakati chakula kinapikwa, anapima bila kurekebisha kitu. Anaandika unga ulioingia, ugali uliotoka, mafuta yaliyomiminwa, nazi ngapi, sukari ngapi kwenye birika la chai, na mwisho kilichofika kwenye sahani ya mshiriki.

Mfano wa hesabu ni mwanamke wa miaka 46, kilo 92, sentimita 158. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, mwanamke huchukua uzito mara 10, urefu mara 6.25, anatoa umri mara 5, anatoa 161. Kwake ni 920 + 987.5 − 230 − 161, yaani kilokalori 1,516 mwili ukiwa umelala tu. Kwa kazi zake za kila siku tunazidisha kwa 1.4 na kupata 2,120 hivi. Tunapunguza 600, anabaki na 1,500 kwa siku.

Nyumbani kwake gramu 300 za sembe zilitoa gramu 850 za ugali. Sembe ina kilokalori 360 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo ugali wake una 127 kwa gramu 100. Sahani yake ya mchana ilikuwa na gramu 600 za ugali: kilokalori 760, nusu ya siku nzima, kabla ya mboga. Hatukumwambia aache ugali. Tulimpa bakuli la plastiki linalochukua gramu 250, akaligeuza kuwa kipimo chake. Nafasi iliyobaki kwenye sahani inajazwa matembele, mchicha au bamia, na samaki.

Protini hatutaki ipungue, la sivyo anayekonda anapoteza misuli. Tunatumia uzito uliorekebishwa: uzito ambao BMI yake ingekuwa 25 (kwake kilo 62.4), kuongeza robo ya kilichozidi. Inakuja kilo 70, mara gramu 1.2, ni gramu 84 kwa siku. Zinapatikana hivi: samaki mbichi gramu 150 (protini 30), mayai 2 (12), kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa (15), dagaa wakavu gramu 30 (18), maziwa mgando robo lita (8). Hakuna unga wa kopo uliohitajika.

Kosa moja linajirudia kila nyumba: kubadili sembe kwa dona na sukari kwa asali, kisha kula kiasi kilekile au zaidi. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na inashibisha, hilo ni jema, lakini kilokalori zake ni karibu sawa. Kijiko cha chai cha asali kina kilokalori 21, cha sukari iliyosawazishwa kina 16.

12 Februari: sukari imeshuka, na kosa ni letu

Mshiriki wa 4, mwenye kisukari, alifuata mpango kikamilifu. Alipunguza ugali wa mchana kutoka gramu 600 hadi 250 na kuacha chapati za asubuhi. Dawa zake zilibaki kama zilivyokuwa: glibenklamaidi miligramu 5 mara mbili kwa siku. Siku ya tisa, saa 5 asubuhi, alikuja kliniki anatoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanagongana. Sukari 2.8.

Alipewa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Dakika 15 baadaye 3.4, akapewa tena, baada ya 15 nyingine 4.6. Tulimpa ndizi na maziwa, tukamruhusu saa 7 mchana. Saa 11 jioni ilishuka tena, 3.3, akiwa nyumbani na watoto. Hapo tuliteleza mara mbili. Glibenklamaidi hufanya kazi muda mrefu, hata saa 24, hasa figo zikiwa hazisafishi vizuri. Sukari iliyopanda kwa maji matamu inashuka tena kwa sababu kidonge bado kimo mwilini. Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kwenda nyumbani baada ya kusoma 4.6 mara moja. Anaangaliwa mpaka kesho yake, au analazwa.

Kosa la msingi lilikuwa mpangilio wa kazi. Mpango wa chakula ulitoka kwa afisa lishe Jumatatu, daktari akapangiwa kuona dawa wiki ya pili. Tumegeuza. Sasa hakuna anayepewa mpango wa chakula kabla daktari hajaandika kwenye kadi ileile dozi mpya na tarehe ya kuianza. Kwa wanaotumia glibenklamaidi au insulini, daktari anapunguza siku ileile wanga unapopunguzwa, mara nyingi kwa nusu, kisha anaongozwa na vipimo vya kidole: kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala, kwa wiki mbili. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari namna hiyo, kwa hiyo inabaki. Chini ya 3.9 ni kushuka, hata kama mtu hajisikii vibaya.

Presha nayo ina mambo yake. Wawili walio na dawa ya kuongeza mkojo walianza kizunguzungu wiki ya pili, kwa sababu mtu anayepunguza wanga na chumvi hupoteza maji mengi mwanzoni. Sasa tunapima presha ameketi, halafu dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, daktari anaitwa siku hiyo.

26 Februari: maandalizi ya Ramadhani

Washiriki 8 watafunga. Wenye kisukari walioshauriwa kutofunga waliambiwa na daktari ana kwa ana, na imamu wa mtaa alisaidia kueleza kwamba ruhusa ya mgonjwa ipo, na kwamba kutoboa kidole hakufunguzi saumu. Hilo la kidole ndilo lililokuwa likiwazuia kupima.

Kwa wanne wa glibenklamaidi, daktari amewabadilisha wawili kwenda gliklazaidi, dawa ya jamii ileile ambayo hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo zaidi, na wawili wamebaki na metformini tu. Dozi kubwa ya siku imehamia futari, ndogo iko daku. Mfungaji anafungua mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, hata kama yamebaki dakika kumi magharibi.

4 Aprili: baada ya Idi

Kinyume na matarajio ya wengi, kati ya wanane waliofunga, watano waliongezeka uzito au walibaki palepale. Tulipopima meza za futari tukaona sababu. Mtu alikuwa anafungua kwa tende, uji wa sukari, kalimati, mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kisha saa 3 usiku anakula wali. Milo miwili imekuwa mitatu, na yote ni wanga.

Kilichofanya kazi kwa wale watatu ni kugawa futari mara mbili. Kwanza tende 3, maji, na supu ya samaki au ya dengu. Swala. Ndipo sahani moja: kipande cha muhogo au gimbi kinachojaa kiganja, samaki, mboga ya majani, basi. Kalimati waliziweka Ijumaa tu. Daku ikawa na protini, maharage au mayai, badala ya chai na mkate mtupu, na njaa ya saa 4 asubuhi ikapungua. Mwakani tutaanza na sahani hii wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

22 Aprili: mafuta na nazi

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na hapakuwa na mtu anayepaona, kwa sababu mafuta hayaonekani kwenye sahani. Kuuliza "unatumia mafuta kiasi gani?" hakusaidii, kila mtu hujibu "kidogo". Tunaandika tarehe kwenye dumu linapofunguliwa na linapokwisha.

Nyumba moja ya watu watano ilimaliza lita 3 kwa wiki. Lita moja ina gramu 920 za mafuta, kilokalori 8,280. Lita 3 ni 24,840. Gawa kwa siku 7 na watu 5, ni 710 kwa kila mtu kila siku. Toa yanayobaki karaini baada ya kukaanga, bado ni mlo mzima. Lengo tulilowapa ni lita moja kwa wiki, yaani 237 kwa mtu. Hakukuwa na haja ya kugusa kitu kingine mwezi ule.

Jaribio la kwanza la kupunguza lilishindikana: tulisema mboga zichemshwe tu. Familia ilikataa kula, na haki yao. Jaribio la pili lilishika. Kitunguu na nyanya vinakaangwa kwa vijiko viwili vya mezani kwa sufuria nzima (kijiko kimoja ni kilokalori 120), vikianza kushika chini anaongeza maji kidogokidogo, anafunika, rojo linakuwa zito lenyewe. Kijiko kinafungwa kwa uzi kwenye shingo ya dumu ili mtu asimimine kwa jicho. Mchicha unaingia mwisho.

Kuhusu nazi, kuwaambia watu wa pwani waache mbaazi za nazi ni kuwafukuza. Tui la pili ndilo linalopikia, na kasimele (tui la kwanza, zito) inawekwa mwisho kabisa, vijiko viwili vya mezani kwa sahani, sufuria ikiwa imeshaondolewa motoni. Harufu inabaki yote. Kilokalori za kasimele hiyo ni kama 70.

Tahadhari moja: watoto wadogo wa nyumba hiyo hawako kwenye mpango wetu. Chakula chao kinachotwa kwanza na kuongezwa nazi au mafuta. Mama mmoja alipunguza kwa wote, na kadi ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ikaonyesha uzito umesimama. Tulirekebisha siku ileile.

9 Mei: mazoezi

Dakika 30 za kutembea kwa mtu wa kilo 90 zinachoma kilokalori 110 hadi 160. Chapati moja ya mafuta hufika 300. Kwa hiyo hatuuzi kutembea kama njia ya kukonda. Kazi yake ni sukari, presha, usingizi na kutorudisha uzito. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Wanawake wanatembea kwa kundi saa 12 asubuhi, kwa sababu ya jua na usalama. Mara tatu kwa wiki wanaongeza kuketi na kusimama kwenye kiti mara 10, seti 3, na kunyanyua chupa za maji za lita 1.5. Wawili wenye magoti mabaya wanafanya ya kiti na chupa tu.

10 Juni: uzito kusimama, chai za kukondesha, na maneno ya watu

Sita walisimama palepale wiki tatu. Sehemu ya jibu ni hesabu: yule wa kilo 92 sasa ana 84, na mahitaji yake yameshuka kutoka 2,120 hadi 2,010, hivyo mpango uleule unampunguzia 510 badala ya 600. Sehemu kubwa zaidi tuliipata kwa kurudi jikoni. Bakuli la gramu 250 lilikuwa limeanza kujazwa kwa mlima, na mizani ikasoma 370. Tunapendekeza kila nyumba ipimwe upya wiki ya 8 na ya 16, bila kusubiri uzito usimame.

Mshiriki mmoja alishuka kilo 2.5 kwa wiki moja, moyo ukamdunda. Potasiamu, chumvi ya damu ambayo moyo unaitegemea, ilikuwa chini: 3.1. Alikuwa anakunywa "chai ya kukondesha" ya mitishamba. Pakiti iliorodhesha sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha: inatoa maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Nyingine zina hatari zaidi. Sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na mishipa ya damu, imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Sasa kila ziara tunaomba mtu alete kila kitu anachokunywa, hata alichopewa na jirani. Kushuka zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki baada ya wiki za mwanzo kunatutia wasiwasi, pia kwa sababu ya mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Watatu walitaka kuacha kwa sababu ya maneno: "umekwisha", "una nini?", "pima damu". Mtaani mtu akikonda huhesabiwa mgonjwa. Tulichelewa kulishughulikia. Sasa wiki ya nne tunakaa na familia nzima, mama mkwe akiwemo ikiwa ndiye mpishi, tunaeleza namba na sababu. Waliofanyiwa hivyo hawakuacha.

21 Julai: wiki ya 24

Tisa wamefika mwisho. Watano wamepungua asilimia 5 au zaidi, wawili kati yao zaidi ya 10. Wawili wamepungua chini ya hapo, wawili hawakubadilika. Kati ya watatu walioondoka, mmoja alihama mji na wawili walishindwa nauli. Matokeo haya ni madogo ukilinganisha na utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ambako asilimia 46 ya waliopewa supu za kilokalori 825 hadi 853 kwa siku walitoka kwenye kisukari ndani ya mwaka. Hatukuiga njia hiyo: inahitaji chakula cha pakiti kila siku kwa miezi, na uangalizi wa karibu tusioweza kuutoa. Tulilenga karibu na mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari wa mwaka 2002, kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, uliopunguza kisukari kipya kwa asilimia 58.

Gharama bila mishahara: vifaa vya kupimia 211,000, mashine 4 za sukari 180,000, vijiti vya sukari maboksi 14, 392,000, HbA1c 12, 360,000, damu nyingine 480,000, nauli za ziara 24 za nyumbani 96,000, vijitabu na mizani vilivyotupwa 85,000. Jumla 1,804,000, yaani 150,000 na ushee kwa mtu. Tukirudia, tutaongeza ziara za nyumbani ziwe 36, tupunguze vipimo vya mafuta ya damu vya mara ya pili, na tutoe nauli kwa wanaotoka mbali.

Hatua ya kushikilia uzito imeanza leo. Kila mmoja ameandikiwa kwenye kadi uzito wake wa leo kuongeza kilo 2. Akivuka namba hiyo wiki mbili mfululizo anapiga simu, na afisa lishe anarudi jikoni na mizani ndani ya siku saba. Daktari anapitia dawa kila wiki 6, kwa sababu uzito ukirudi, dozi zilizopunguzwa Februari hazitatosha.